Taa ya Baba na Fungu Langu la Gesi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mwekezaji. Nimetia saini saa nne asubuhi, sebuleni kwa marehemu Baba, kwenye meza ileile niliyokuwa nikilia juu yake nikishindwa hesabu za kugawanya.

Kampuni ya gesi inataka kutoboa kisima cha majaribio nyuma ya nyumba, palipokuwa na bustani ya Mama. Nyumba ni yangu na dada yangu, nusu kwa nusu, ndivyo Baba alivyoacha, ila anayekaa humo ni yeye. Injinia wa kampuni, binti mpole mwenye buti kubwa, alieleza kwamba chini yetu bado kuna makaa ya mawe, na ndani ya makaa kuna gesi iliyojibana. Makaa hawayataki. Wanataka gesi tu. Nikamwambia hayo asinifundishe, mimi ni mtoto wa mgodi. Baba alikuwa mpima gesi miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi yeye ndiye aliyetangulia kushuka, na taa yake yenye wavu. Akiiinua polepole mpaka darini, moto ukivaa kikofia cha buluu, basi gesi ipo. Hapo anapiga kelele moja tu: nje, wote nje! Na mimi mwenyewe nilikuwa karani wa chumba cha taa mpaka mgodi ulipofungwa. Injinia akaniamkia mara ya pili.

Tumepewa kuchagua: malipo ya mkupuo mara moja, au fungu la mauzo ya gesi kwa miaka yote kisima kitakayozaa. Dada kachukua mkupuo. Anataka kubadilisha mabati. Mabati! Mimi nimechukua fungu. Mumewe, Shemeji, fundi pampu, mtu asiyefungua mdomo mpaka aulizwe mara mbili, alitaka kujua fungu la kitu ambacho hakijaonekana ni kiasi gani. Nilimhurumia.

Mke wangu kauliza kama mwekezaji anaweza kununua mpira mpya wa jiko la gesi. Wa zamani umepasuka, jikoni kunanuka. Nimemwambia avute subira. Karibuni tutaletewa kwa bomba.

Alhamisi, 13 Machi

Mtambo umefika! Una mnara mrefu kuliko nyumba. Kishindo chake kinatikisa vikombe kabatini. Majirani wanalalamika. Mimi nimesimama uani siku nzima na koti langu la chumba cha taa. Vifungo havifiki tena, lakini nembo inasomeka.

Ni kelele hii niliyoikosa. Zamani pampu za mgodi zilinguruma usiku na mchana, hata hatukuzisikia. Saa kumi na mbili king'ora, na Mama anaweka maji motoni. Saa tisa king'ora tena, na Baba anaonekana mwisho wa barabara, meno tu ndiyo meupe. Mama alimsugua mgongo kwa brashi ya nguo. Mimi na Dada tulibishana nani atafungua kamba za buti. Siku walipozima pampu, mgodi ukajaa maji, asubuhi yake nikasikia majogoo wa mtaa wote. Nilikuwa na miaka thelathini na nane na sikujua kama tuna majogoo.

Nimetoa sanduku langu la vidani vya shaba, vile vibati vya namba vya mgodini. Kila mchimbaji alikuwa na namba yake. Unashuka, kidani kinabaki ubaoni kwangu. Unapanda, unakichukua. Jioni ubao ukiwa mtupu, nalala vizuri. Nimewagawia wachimbaji wa kisima, kila mmoja na namba yake. Msimamizi wao aliniambia kisima chao kina upana wa sahani, hakuna mtu anayeshuka. Nikasema utaratibu ni utaratibu. Injinia kachukua namba 60 akaifunga kwenye funguo zake. Mia moja na kumi na nne, ya Baba, iko mfukoni mwangu.

Jumamosi, 22 Machi

Maji.

Wamefunga pampu kisimani, na kinachotoka ni maji. Kwanza meusi, halafu meupe, halafu safi kabisa, bomba zima, mchana kutwa. Nimekaa juu ya ndoo na kutazama utajiri wangu ukielekea mtaroni.

Injinia hana wasiwasi. Anasema ndivyo inavyotakiwa. Maji ndiyo yanayoikandamiza gesi ndani ya makaa. Yakishapungua, gesi itaachia yenyewe, huenda wiki kadhaa, huenda miezi. Nikacheka. Nikamuuliza alikuwa na umri gani mgodi wetu ulipokufa. Akasema alikuwa hajazaliwa. Basi! Mimi nilikuwepo. Maji yaliingia, watu wakaenda nyumbani na vyeti vya shukrani. Huwezi kumfundisha aliyezama rangi ya maji.

Shemeji alikinga kiganja, akaonja, akatikisa kichwa polepole. Hata yeye ameelewa kwamba mambo yameharibika.

Jumanne, 8 Aprili

Bado maji. Wiki ya tatu. Ila nimekwishatoka, tena kwa akili.

Hesabu yangu ni hii. Gesi haipo. Gesi isipokuwepo, umeme utapanda. Umeme ukipanda, mwenye jenereta ni mfalme. Shemeji ana jenereta karakanani kwake. Nikamfuata, nikazungumzia hali ya hewa, nikazungumzia goti langu, kisha nikataja kama kwa bahati mbaya kwamba naweza kumwachia fungu langu lote la gesi. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwona anajuta, nikaharakisha saini.

Nimerudi na jenereta kwenye mkokoteni nikiimba wimbo wa zamu ya usiku, ule Baba aliouimba akinyoa ndevu. Masikini Shemeji. Fundi pampu na bado kauziwa maji.

Jioni nimejaribu kuiwasha. Inakohoa tu. Mke wangu kauliza habari za mpira.

Alhamisi, 24 Aprili

Gesi imetoka!

Imetoka jana mchana. Wameipitisha kwenye bomba refu uani na kuiwasha. Moto wa rangi ya chungwa, mrefu kama mtu, unavuma. Mtaa mzima umejaa pale. Wazee wa mgodi wamekuja na mikongojo yao, tumesimama mstari mmoja kama tunasubiri kushuka. Mmoja alivua kofia. Mimi nililia, wala sioni haya kuandika. Miaka yote Baba aliikimbia gesi hii, na sasa imepanda yenyewe kwenye bustani ya mkewe kutuangazia.

Nikamtazama Shemeji. Amesimama na kikombe cha chai. Mwenye fungu.

Nimemwambia Injinia mji utafufuka. Akanivuta pembeni, akaniambia taratibu, kama binti anayemwambia babake, kwamba moto si biashara. Kisima cha namna hii hutoa kwa nguvu mwanzoni, kisha hufifia. Ili ilipe lazima visima viwe vingi, na kila kimoja kina gharama yake ya kutoboa na kusukuma maji. Tena kuna bomba la kufikisha gesi kwa mnunuzi, ambaye yuko mbali, na bei anaipanga yeye. Akasema wanapima tu, nisijenge ghorofa.

Visima vingi! Kasema mwenyewe kwa kinywa chake. Vingi!

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda kwa Shemeji kurudisha jenereta. Hakuitaka. Nikaongeza baiskeli. Akasema ana baiskeli. Nikaongeza redio ya Mama. Akakuna kidevu. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba labda nusu yangu ya nyumba.

Nusu ya nyumba ya Baba. Kile chumba kidogo chenye dirisha la mashariki, na alama za penseli mlangoni za urefu wetu, mimi na Dada, kila mwaka mpya. Nilikaa kwenye ngazi nikazitazama. Nilikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

Dada kajua. Alikuja na mikono bado ina unga. Aliniita mtoto wewe, kama zamani. Alisema nikitoa nusu ile hatanirudishia kwa huruma, kwa sababu huruma ndiyo iliyonilea vibaya. Alisema Baba alishuka shimoni miaka thelathini na mmoja ili sisi tuwe na mlango wa kufunga. Maneno mazito. Nikamwambia nafanya hivi kwa ajili ya huohuo mlango. Fungu litanunua mtaa mzima, nitaurudisha kama ulivyokuwa, nitaweka king'ora, saa kumi na mbili na saa tisa. Akasema Baba hayupo mwisho wa barabara, hata king'ora kikilia.

Nimetia saini saa nane, mbele ya mwanasheria. Fungu limerudi kwangu. Nusu ya nyumba ni ya Shemeji.

Mke wangu alisema tu, mpira.

Ijumaa, 2 Mei

Kampuni inaondoka.

Injinia alikuja mwenyewe kuniambia, na hilo namshukuru. Gesi ipo, lakini tabaka la makaa ni jembamba. Bei imeshuka. Bomba lingegharimu kuliko gesi yote ambayo lingebeba. Wamepiga hesabu mara tatu, mara zote inakataa. Nilijua hali hiyo, hesabu za kugawanya zilinikataa kwenye meza ileile. Nikauliza fungu langu je. Akasema fungu langu ni halali kabisa, halina kasoro. Ni fungu la mauzo, na mauzo hayapo.

Moto wameuzima saa tano. Wazee walikuwa wamekuja tena na viti vyao. Walibaki wamekaa kidogo, kisha mmojammoja wakabeba viti wakaenda.

Kisima watakifunga kwa saruji sehemu ya chini. Sehemu ya juu itabaki kuwa kisima cha maji, kwa sababu wenye nyumba waliomba kwa maandishi. Wenye nyumba gani? Dada na Shemeji. Lini? Jumatatu. Shemeji ameshapima pampu yake, imeingia sawasawa. Mitaa minne hii haina maji ya kuaminika tangu mgodi ufungwe. Nilimuuliza Shemeji alijua tangu lini kwamba maji yanafaa. Nikamuuliza mara ya pili. Akasema tangu siku ile alipoonja. Kwamba kila mtu alikuwa akitazama bomba kusubiri kitu kingine kitoke. Wala hakusema kwa kejeli. Ndiyo maana imeuma.

Jumapili, 4 Mei

Dada ameniita chakula cha mchana. Mabati mapya yanang'aa. Uani watu wamepanga ndoo, wanacheka. Pampu inanguruma polepole, na kwa dakika nzima nilifumba macho, nikawa na miaka tisa.

Baada ya kula akaniletea kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Taa ya Baba. Wavu mzima, kioo kizima. Alisema nyumba ni nyumba, lakini taa nilitakiwa kuwa nayo mimi, maana ni mimi niliyekuwa nikimsubiri Baba airudishe kwenye dirisha la chumba cha taa. Na kile chumba kidogo bado kina kitanda, siku yoyote. Nimetundika kidani namba 114 kwenye mshikio wake. Shemeji akanibebea ndoo mbili za maji mpaka nyumbani, bure.

Nimeapa. Naandika hapa ili inisute: sitawekeza tena. Nitakuwa mtu wa kukaa na kukumbuka.

Jumatano, 7 Mei

Naandika upesi, niwie radhi kwa mwandiko.

Leo saa kumi alasiri nimeisafisha taa, nikatia mafuta, nikaiwasha nimwonyeshe mke wangu Baba alivyokuwa akifanya. Nikapunguza moto. Nikaiinua polepole mpaka darini. Hakuna kitu. Nikainama kuokota kiberiti kilichoanguka karibu na mtungi, taa ikashuka mpaka sakafuni.

Moto umevaa kikofia cha buluu!

Nimekiona kwa macho yangu, kile Baba alichotusimulia mezani. Gesi! Chini ya jiko langu mwenyewe, umbali wa nusu saa kwa miguu kutoka kisimani! Tabaka linafika huku, na huku ndiko lilikonona. Mke wangu alinipokonya taa, akaizima, akafunga mtungi, akafungua milango na madirisha yote. Anasema ni mpira. Anasema kaniambia tangu Machi. Akanipa pesa yake mwenyewe nikanunue mpya sasa hivi.

Mke wangu ni mtu mwema, ila hakukulia mgodini. Nakubali, Baba gesi aliipata darini, na hii yangu iko sakafuni. Maana yake ni nzito. Nzito itakuwa ghali zaidi. Sijamweleza bado.

Nimemwandikia Injinia barua kurasa nne. Jiko ninalitoa lote watoboe. Mkupuo sitaki, nataka fungu. Kwa pesa ya mpira nimeilipia barua iende kwa njia ya haraka. Mpira utasubiri, karibuni tutaletewa kwa bomba.

Mke wangu yuko uani, anasema harufu haijaisha, ameshatoa hata viti. Ameweka mikono kiunoni, ananipigia kelele: nje, nje upesi! Sauti ileile ya Baba, na moyo umenijaa. Natoka. Kwanza nimalize kupima upana wa sakafu.