Vitabu vya Ndege Yenye Mbio

Jumatatu, 4 Mei
Ndege mpya imefika kazini! Ina mbio za ajabu, na ikiwa angani hukunja magurudumu tumboni. Mimi miaka yote narusha ile kuukuu, magurudumu yananing'inia nje mvua na jua. Nafasi ni moja, tunaoitaka ni wawili: mimi na Miwani, rubani mwenzangu anayesoma hata maandishi ya kwenye sabuni. Mwalimu wetu katupa kila mmoja vitabu vitatu. Kasema asiyesoma asiiguse. Vitatu! Kwani ndege inarushwa kwa kusoma?

Jumanne, 5 Mei
Akili ni mali. Mama mkwe yuko kwetu anauguza goti, riwaya zimemwishia. Nimemkabidhi vitabu asome, jioni anisimulie. Kafurahi huyo! Mke wangu kauliza kama huu si uvivu. Nikamwambia ni heshima kwa mkwe. Kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 6 Mei
Mama anajua kusimulia, acha tu! Vitabu vimejaa ajali, na kila ajali ina rubani wake. Mmoja alinuniana na kaka yake asubuhi ileile. Tumelia wote wawili. Nikauliza, sasa huko angani alikosea nini? Mama kasema hayo ya mitambo kayaruka, hayana utamu. Sawa. Kiini nimekipata.
Miwani naye kazini kajitolea tusome pamoja. Ananionea huruma, mimi! Nimemkatalia kwa adabu.

Ijumaa, 8 Mei
Maji yamezidi unga. Leo mtihani, ndani ya chumba kinachoiga ndege, na nashukuru kwamba kinaiga tu. Nimepaa vizuri. Nikashuka vizuri. Karibu na ardhi king'ora kikaanza kupiga kelele, nikamwomba mwalimu akizime, kinanivuruga. Kaandika kitu daftarini mwake. Nikatua kwa tumbo.
Magurudumu! Sikuyashusha! Ya ile kuukuu hayajawahi kudai kushushwa! Mwalimu kauliza sura ya kwanza inasema nini. Nikamweleza habari za yule na kaka yake. Kashika kichwa. Kanipa wiki moja nirudie. Nikishindwa, kiti ni cha Miwani.

Jumamosi, 9 Mei
Mama kasikia yote. Hakunicheka. Kanishika mkono, kaniambia ingekuwa ndege ya kweli, leo binti yake angekuwa mjane, na yeye angempata wapi mkwe mwingine wa kumpenda hivi. Jamani! Nimelia kama mtoto. Nampenda mno mama huyu. Nikaapa mbele yake na mbele ya mke wangu: nitasoma mwenyewe, neno kwa neno!
Nikajinyoosha kwenye kochi, nikafungua sura ya kwanza. Maandishi madogo hayo! Nikamwomba Mama anisomee kwa sauti, mimi nifumbe macho ili yaniingie vizuri. Nilipozinduka nilikuta nimefunikwa shuka, na Mama yuko sura ya tano. Nimemwambia aendelee tu, yote nimeyashika.