Malalamiko ya Kielelezo Namba Tatu Dhidi ya Msonobari

Kwa Profesa,
Mkuu wa Mradi wa Utafiti wa Misonobari,
Jengo la Misitu, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho
(barua itapitishwa chini ya mlango wa chumba chake cha kulala, nyumbani).

Nakala: Baba, Bibi, Kaka (asome akiwa ameketi).

YAH: KUPINGA UTAWALA WA MTI MMOJA KATIKA NYUMBA YA WATU WATANO

Mheshimiwa Profesa,

Shikamoo. Natanguliza heshima hiyo kwa sababu kabla hujawa profesa ulikuwa mama yangu, na natumaini hata baada ya barua hii utaendelea kuwa. Lakini yanayofuata nayaelekeza kwa mkuu wa mradi. Juzi mezani, nilipofungua kinywa kulalamika, ulinyanyua kijiko ukanikatiza: "Lalamiko lisiloandikwa si data, mwanangu. Andika, toa sababu, weka sahihi." Basi nimeandika. Sababu ninazo, na sahihi iko chini.

Kwa faida ya watakaosoma nakala, nieleze hali ilivyo. Muhula huu, Profesa, uliamua kwamba kabla bidhaa za msonobari hazijaenda kwa umma, zianze kwako nyumbani, kwa kuwa, kwa maneno yako mwenyewe, huwezi kumpa jirani kitu ambacho hujathubutu kumpa mama mkwe. Sisi wanne, yaani Baba, Bibi, Kaka na mimi, tulitia saini ridhaa, tukapewa namba kama vielelezo vya maabara, na kila mmoja akakabidhiwa furushi lake: sabuni ya utomvu, chai ya yale majani membamba kama sindano, mto uliojazwa sindano hizo hizo, na kichupa cha mafuta ya kuchua. Ulitutangazia kuwa mmoja wetu amepewa vitu vya kawaida visivyo na msonobari hata chembe, ili awe kundi linganishi, yaani kipimo cha wengine. Ni nani? Hata wewe hujui. Anajua fundi wako wa maabara peke yake, yule tunayemwita Mjomba Chupa, ambaye ukimwuliza hutazama dari na kuanza kuisifu. Pua nayo haisaidii kitu, kwa sababu tangu ulipozirundika mbao zako ukumbini, nyumba nzima inanuka msonobari, hadi sukari.

Leo awamu ya kwanza inafika tamati. Jumatatu inaanza ya pili, na kanuni zako zinasema wazi kwamba mshiriki mmoja akijitoa, nyumba nzima inaondolewa. Nyumba ikiondolewa, huna cha kuonyesha mbele ya kamati, na chumba chako cha maabara kitakabidhiwa watu wa mradi wa mianzi, ambao wameshakuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yao. Najua uzito wa jambo hilo. Kwa uzito huo huo naomba hoja zangu zipimwe.

1. Sabuni. Tangu nianze kuitumia, ngozi yangu imekuwa uwanja wa mapambano. Mikono inawasha asubuhi, shingo inawasha mchana, na jioni viwiko vinapokea zamu. Aidha, nimeanza kunuka fanicha. Wiki iliyopita maktabani, msomaji mwenzangu alinusa hewa, akaipapasa meza, kisha akaniuliza kwa upole kama imepakwa vanishi upya. Mimi, Katibu Mwenezi wa Umoja wa Wanafunzi, mwanamke ambaye hotuba zake zimewahi kuusimamisha uongozi wa chuo wima, nimedhaniwa meza.

2. Chai. Inanikosesha usingizi. Nakunywa kikombe kimoja baada ya chakula, kama maelekezo yanavyotaka, kisha nalala macho makavu nikiitazama taa iliyozimwa. Si hayo tu. Chai hii inarefusha hotuba. Katika mkutano mkuu niliomba nafasi ya kutoa taarifa fupi kuhusu mabomba ya bweni la wanawake, nikajikuta nimefika kwenye asili ya dola. Mwenyekiti aligonga meza hadi akachoka. Mwishowe alisema, "Dada, maji yameshatoka, fundi amekuja na ameondoka, kaa chini." Sijawahi kuwa hivyo kabla ya msonobari. Wenzangu wanadai nilikuwa hivyo hivyo, lakini hao hawakufanya utafiti.

3. Mto. Unachoma. Naamka shavu limechorwa mistari kama ramani ya barabara, na kila nikigeuka nausikia ukinong'ona kama msitu wenye upepo. Nilimweleza Bibi, akanishauri nilale chali. Nimelala chali. Sasa unaninong'oneza masikio yote mawili.

4. Athari kwa jamii. Hapa, Profesa, naomba uache kunisoma kama binti na unisome kama raia. Kabla ya mradi huu, Baba alikuwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha kuaminika, kilichomtangulia tangu getini, kikapita ukumbini na kutufikia sebuleni kwa wakati, tukaweza kupunguza sauti ya televisheni, kufungua vitabu na kukunja sura za watu wanaosoma. Nyumba iliendeshwa kwa utaratibu. Leo, baada ya chai yako, Baba hakohoi. Anatokea tu. Jana alisimama nyuma yangu muda wa kutosha kusikia ninavyomwiga anavyosimulia mambo ya ofisini, kisha akasema, "Endelea, pale kwenye bosi unapatia." Naye Bibi, ambaye magoti yalikuwa yamemtuliza kwenye kiti chake karibu na dirisha, amejichua mafuta yako hadi amepata miguu ya msichana. Anapanda ngazi. Anashuka ngazi. Anakwenda kwa majirani akiwa na habari zetu na kurudi na zao. Nani aliomba ridhaa ya majirani?

5. Ubaguzi. Nimefika kwenye kiini cha dhuluma. Kundi linganishi ni Kaka. Sina ushahidi wa kimaabara, ninao wa macho. Mtazame. Ngozi yake inang'aa kama sufuria jipya. Analala kabla hajafika kitandani. Mara mbili tumemkuta mlangoni. Hawashwi, hachomwi, na anapozungumza huishia pale alipokusudia kuishia. Mtu wa namna hiyo hajaguswa na msonobari. Amepewa sabuni ya dukani na mto wa sponji kama binadamu huru, wakati dada yake anateketea kwa ajili ya sayansi. Nilipomkabili jikoni alikula kipande cha mkate wangu kwanza, ndipo akajibu, "Dada, labda mimi nina afya tu." Afya! Katika nyumba gani mtoto wa kiume amewahi kupendelewa akakiri kuwa amependelewa? Naomba itamkwe bayana: furushi la kawaida limepewa mwana wa kiume, na la majaribio binti, na historia inatazama.

6. Ulimbikizaji wa vyeo. Hili ndilo linaloninyima amani kama mwanafunzi wa sheria. Msonobari umekuwa sabuni. Haukutosheka, ukawa chai. Umekuwa mto, umekuwa dawa ya magoti, na kwa mujibu wa mihadhara yako wakati wa kuosha vyombo, pia ni gundi, rangi, dawa ya kusafishia sakafu, mbao za dari, nguzo za umeme, na karatasi. Karatasi, Profesa. Barua hii ya kuupinga msonobari inabebwa na msonobari. Hata sauti ya upinzani imeumbiwa mwili na yule anayepingwa. Katika Umoja wetu, ndugu mmoja akishika uenyekiti, uhazina na ufunguo wa stoo, tunamwita dikteta. Akiwa mti, tumwiteje? Na nyie wataalamu, badala ya kumwekea ukomo, kila mwezi mnamgundulia wadhifa mwingine na kumpigia makofi kwenye makongamano.

Kutokana na hoja hizo nadai yafuatayo. Kwanza, nihamishiwe kundi linganishi mara moja, na Kaka achukue furushi langu lote, akianza na mto. Pili, msonobari utakiwe kuchagua kazi moja na kujiuzulu nyingine zote kwa maandishi. Tatu, kikohozi cha Baba kirudishwe, au Baba afungwe kengele ndogo. Yasipotekelezwa kabla ya Jumatatu, nitaondoa jina langu kwenye awamu ya pili.

Sisemi hivyo kwa wepesi. Niliwahi kukusindikiza chumbani mwako kule ghorofa ya pili, nikakaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, nikakuona ukipima utomvu tone kwa tone huku midomo ikicheza bila sauti, kama mtu anayebembeleza mtoto. Sijakuona ukimtazama mtu kwa subira ile, mimi nikiwemo. Najua chumba kile kina maana gani kwako. Lakini haki haiwezi kuahirishwa kwa sababu ya chumba, hata kama kina madirisha mazuri.

Naomba salamu zangu zimfikie Mjomba Chupa na dari yake, mabinti wa mapokezi wa Jengo la Misitu, mlinzi wa lango la nyuma anayenifungulia bila kuuliza kitambulisho, na hata watu wa mianzi, ambao sina ugomvi nao binafsi. Nyumbani wasalimie wote, ingawa tutaonana nao kwenye chakula.

Wako katika mapambano na katika ukoo,

Kielelezo Namba Tatu,
Mwaka wa tatu, Sheria;
Katibu Mwenezi, Umoja wa Wanafunzi;
binti yako pekee.

Nyongeza baada ya sahihi: Nilikuwa ndiyo kwanza nakunja barua hii wakati Mjomba Chupa alipoingia kukusanya mabaki ya mafurushi, kwani muda wa siri ulikuwa umekwisha. Ulikuwepo, Mama, lakini naandika ili iwe data. Alitupanga mstari ukumbini, akakohoa kidogo kwa niaba ya Baba, akasema, "Aliyekuwa hana msonobari ni huyu hapa," akanielekezea kichupa. Nilimwambia arudie. Akarudia. Sabuni yangu ilikuwa ya dukani, imeyeyushwa na kumiminwa upya. Chai ilikuwa majani ya chai. Katika mto mlikuwa na vipande vya sponji, na nilipobisha kwamba unachoma aliniuliza mbele ya Bibi, kwa sauti ya daktari, "Sponji inachoma upande gani, dada?" Kaka, mwenye ngozi ya sufuria jipya, amejaa msonobari kuanzia unyayo hadi utosi.

Umecheka hadi ukakaa juu ya mbao. Kisha umeinyakua barua, ukaisoma yote, na sura yako ikabadilika ikawa ile ya kupima utomvu. Umeniambia kwamba sijawahi kuandika kitu chenye manufaa kama hiki. Muwasho, kuchomwa, minong'ono, hotuba isiyokwisha, vyote vimempata mtu ambaye hajaugusa msonobari, na kwa hiyo mti hauhusiki, na shahidi wake bora mbele ya kamati ni mimi niliyeushtaki. Umeomba ruhusa ya kuiambatanisha na ripoti. Ruhusa ninatoa. Hoja ya tano ninaifuta, na Kaka asinizungumzishe mpaka kesho. Jumatatu nimo, na awamu hii naudai msonobari, wote, pamoja na nguzo za umeme.

Ila hoja ya pili usiiache ilivyo, kwa sababu usingizi nilikosa kweli, na chai nayo haina hatia. Nilianza kukosa usingizi siku ile nilipopanga kujitoa. Kila nikifumba macho nilikuwa naona watu wa mianzi wakitundika mapazia chumbani mwako. Pale kwenye safu ya sababu, Mama, andika hivyo.