Mirihi Imefika kwa Tarehe, Kamati Yetu Imeaibishwa

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Maisaka, hapa Babati. Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Bomba la Maji ya mtaa wetu. Kwa masikitiko makubwa namlalamikia Mwalimu Genoveva, mstaafu wa somo la hesabu, aliyenunua darubini na kuisimamisha uani kwake.

1. Kwa miaka miwili na ushee, kila jioni isiyo na mawingu, aliandika daftarini sayari ya Mirihi iko wapi kati ya nyota. Kisha akapiga hesabu na kutangaza kwamba inalizunguka Jua kwa siku 690. Kibali hana. Kikao hakikuitishwa. Hata chai haikunywewa.

2. Akathubutu kutaja tarehe! Alisema kwamba Ijumaa, giza likianza tu kuingia, Mirihi itakuwa kando ya ile nyota nyekundu ya kundi la Nge. Watu wakaja na viti. Mirihi ikafika. Haikuchelewa hata kidogo, walau kwa heshima ya viongozi tuliokuwapo.

3. Akakiri kosa hadharani: "Vitabu vinasema 687. Nimekosea siku tatu." Kamati yangu imekosea tarehe ya bomba kwa miaka mitatu na hakuna mjumbe aliyefungua mdomo. Hiyo ndiyo nidhamu.

4. Jumapili mkutanoni, Mama Joyness alisimama na ndoo yake. "Shikamoo Mwenyekiti. Mirihi iko mamilioni ya kilomita na siku yake tumeijua. Bomba liko hapo Mutuka. Linafika lini?"

Nikamjibu, "Marahaba. Hivi karibuni."

Walicheka wote, hata mjumbe wangu Egidius. Nikawaeleza kwamba, kwa maneno ya Mwalimu mwenyewe, Mirihi kuna wakati huonekana inarudi nyuma, kumbe inasonga mbele. Basi na mtaro wetu wa bomba uliofukiwa na mvua unaonekana tu kurudi nyuma.

"Na ndoo hii," akauliza Mama Joyness, "inaonekana tu kuwa tupu?"

Naomba darubini ipigwe marufuku. Ikishindikana, Mirihi nayo itangazwe kufika "hivi karibuni", kama miradi mingine.

Nisalimie wote hapo ofisini, na wanaopanga magazeti pia.

Ni mimi, niliyeumizwa na sayari,
Modesti Tluway
Mwenyekiti

N.B. Jana nilimpelekea Mwalimu kumbukumbu zetu. Tumechimba mita 90 kwa miaka mitatu, zimebaki 1,230. Amepata miaka arobaini na mmoja. Kamati imehakiki hesabu yake mara mbili na haina kosa. Tafadhali watangazie wananchi kwamba sasa tarehe ipo.