Bangili za Dhahabu za Tarumbeta

"Haya, nenda peke yako kwenye hizo mashua zako, na watoto uwabebe kichwani!"

"Nani kasema peke yangu? Nimesema mashua kwanza, mlima baadaye. Foleni ya mlimani umeiona? Tutafika juu watoto wameshaota ndevu."

"Mashua, mlima, mlima, mashua. Tangu tutoke nyumbani ni wimbo huohuo. Na mama yako naye anataka Nyumba ya Vioo."

"Mimi sitaki kitu," alisema mama mwenyewe kutoka kwenye kiti cha magurudumu, blanketi limemfunika hadi miguuni. "Niacheni hapa kivulini nife taratibu. Ila kama nafasi ipo, basi, Nyumba ya Vioo."

Mapacha wa miaka sita walikuwa wanagombania kofia, ingawa kila mmoja alikuwa na yake kichwani.

Ilikuwa saa tatu asubuhi kwenye maegesho ya magari, mbele ya ubao wenye ramani ya mji. Nyuma ya ubao alisimama mwanamume mmoja, amejikunyata, anasikiliza kwa raha kama mtu anayesikiliza mpira redioni na timu yake inaongoza.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika. Wote walimwita Tarumbeta, kwa sababu ya sauti. Mji ule umekaa kwenye bakuli la milima, ziwa katikati, na kazi yake ni moja tu: kufurahisha familia. Familia hufika kutoka mbali, hushuka garini, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kugombana. Tarumbeta alikuwa ameishi kwa magomvi hayo miaka saba. Familia yenye furaha haina haja na mtu. Familia inayogombana hununua chochote, mradi kinyamazishe.

Siku hiyo, kusema kweli, hakutakiwa kuwa pale. Mwezi uliopita mkuu wa walinzi, aliyeitwa Bundi kwa sababu macho yake hayapepesi, alimkamata akiuza viti vya mbele vya maonyesho ya chemchemi za maji zinazorushwa juu. Maonyesho yale ni ya bure, na watu huyatazama wamesimama. Bundi hakupiga kelele. Alisema tu: "Nikikukuta tena na ujanja wako, unaondoka mjini. Na mkeo anaondoka gatini na maputo yake."

Mkewe alikuwa amesubiri miaka mitatu kupata ile nafasi ya kuuza maputo gatini, pale mashua zinapofungwa. Asubuhi ile, akimpulizia puto la kwanza usoni, alimwambia: "Mume wangu, nakupenda. Lakini na nafasi yangu ya gatini naipenda. Usinilazimishe kuchagua, utashindwa vibaya."

Tarumbeta aliapa. Ila chini ya kitanda kulikuwa na sanduku alilolinunua kwenye duka la vifaa vya hospitali lililokuwa linafungwa: bangili za plastiki, zile wanazofungwa wagonjwa mkononi. Alizipaka rangi ya dhahabu moja moja kwa siku mbili. Mtu hawezi kupaka rangi siku mbili halafu aache vikae tu chini ya kitanda. Ni dhambi kupoteza kazi.

Akatundika sanduku begani, akavuta kizibao chake cha manjano, akainua redio ya mkononi isiyo na betri, akatokea.

"Nimewapata," aliiambia redio. "Familia ya watu watano, kiti cha magurudumu kimoja. Ndiyo mkuu. Nawahudumia sasa hivi." Kisha akawageukia kwa tabasamu pana. "Karibuni sana. Mama, shikamoo. Poleni na safari. Nani kati yenu anapenda kupanga foleni?"

"Hakuna," alisema baba.

"Ndiyo sababu ya Bangili ya Dhahabu. Mashua, mlima, vioo, kote unapita mbele kama bwana harusi. Hakuna cha nani kwanza nani baadaye. Zilikuwa mia moja, zimebaki tano. Nyie mko wangapi?"

"Watano!" alisema baba, na mkono wake ulikuwa umeshafika mfukoni.

Mama wa mapacha aliichukua bangili moja, akaigeuza, akaikwaruza kidogo kwa ukucha. Akaitazama klipu. Akamtazama Tarumbeta. Kisha akatabasamu, na Tarumbeta, mtu mzoefu kabisa, akakosea kulisoma tabasamu lile.

"Lipa, baba watoto," alisema. "Leteni mikono."

Aliwafunga wote watano kwa kasi ya ajabu, tak, tak, tak, hata mapacha hawakupata muda wa kukimbia. Kisha akachomoa mbili zaidi kutoka sandukuni, akasema, "Na mwongozaji wetu? Asipokuwa na bangili, nani atatuamini?"

"Mimi tena, dada? Hakuna haja..."

"Shika hapa kwanza, mama asije akateleza."

Tarumbeta akashika mpini wa kiti. Tak. Bangili ya kwanza ilikuwa mkononi mwake. Tak. Ya pili ilikuwa imepita ndani ya ile ya kwanza na kuzunguka chuma cha kiti.

Yule mama alimsogelea sikioni. "Mimi ni nesi wa wodi ya watoto," alisema polepole, kama anayeeleza dozi. "Hizi nafunga kila siku ya Mungu. Hakuna mtoto aliyewahi kuichomoa. Inakatwa kwa mkasi tu, na mkasi uko garini. Garini tunarudi saa kumi. Hapo nitaamua nikukabidhi kwa nani."

"Dada yangu, tusikilizane..."

"Ukipiga kelele namwita mlinzi saa hii hii. Sukuma."

Akasukuma.

Gatini foleni ilikuwa imejipinda mara nne. Tarumbeta alifumba macho akingoja aibu. Lakini mwangalizi wa mashua alikiona kiti cha magurudumu, akainua kamba. "Wenye kiti wapite huku. Karibu bibi."

"Umeona?" baba alimpiga mkewe kiwiko. "Umeona bangili? Na wewe ulikuwa unaikwaruza!"

Mashua ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, umbo la bata mnene, pana kiasi cha kubeba kiti na aliyefungwa nacho. Baba alikanyaga dakika tano akashikwa na mkakamao wa misuli. Aliyebaki na miguu alikuwa mmoja. Ziwa lile kwenye picha linaonekana dogo, lakini si dogo: Tarumbeta alilizunguka lote, huku Bibi akinyoosha kidole: "Kule kwenye mayungiyungi. Hapana, rudi. Yale ya kwanza yalikuwa mazuri zaidi."

Waliporudi, mkewe alikuwa amesimama na maputo yake, mdomo wazi.

"Mume wangu! Unafanya nini?"

"Kazi," alisema Tarumbeta, akihema.

"Kazi kazi? Ya kutoka jasho?"

Akamtazama nesi. Nesi akatazama mawingu. "Ya kutwa," alisema Tarumbeta. "Nasukuma."

Mkewe akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akawapa mapacha puto moja moja bila malipo, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata ndugu yake wa damu. "Shika hapohapo mume wangu," alisema. "Usiachie."

"Siwezi kuachia," alisema Tarumbeta, na katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kumwambia ukweli ulionyooka kiasi kile.

Ndani ya Nyumba ya Vioo aliona akina Tarumbeta kumi na wawili wakisukuma bibi kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mpango. Mara tatu waligonga kioo. Mara zote tatu Bibi alimlaumu yeye.

Adhuhuri walipanda mlimani kwenye kile kibanda cha kioo kinachovutwa kwa waya. Huko juu kuna uwanja wa watoto wenye mteremko wa kuteleza kwa magunia. Baba, mama na mapacha wakaenda kuteleza. Tarumbeta akabaki na Bibi, mandhari nzuri, na mkono uliofungwa.

Bibi akageuka kushoto. Akageuka kulia. Kisha akatupa blanketi pembeni, akasimama, akanyoosha mgongo hadi ukalia.

Tarumbeta alipata kigugumizi kwa mara ya kwanza maishani. "Bibi! Una... unatembea!"

"Natembea tangu nikiwa na mwaka mmoja. Vuta kiti, nataka kuona kule ukingoni."

Akavuta. Walitembea ukingo mzima, Bibi mbele ameshikanisha mikono nyuma, Tarumbeta nyuma na kiti kitupu.

"Lakini nesi..."

"Mkwe wangu ni nesi wa watoto. Magoti ya wazee hayamhusu." Bibi aliokota kokoto, akairusha chini mlimani kwa mkono wenye nguvu. "Kiti ni cha jirani, nimekiazima. Bila kiti ningekuwa napanga foleni sasa hivi, tena nimeshika mapacha, mmoja kila mkono. Umewahi kushika wale watoto?"

"Mmoja ameniuma."

"Yule ndiye mpole." Akamkazia macho. "Nilikujua tangu ulipoongea na redio isiyo na betri. Mimi sina neno na wewe, mwanangu. Kila mtu na riziki yake. Ila ukinisema, nitakusema."

Akaketi, akajifunika, na wenzake waliporudi na magunia yao walimkuta anaguna kwa maumivu.

Sasa ubaya wa baba wa mapacha ni kwamba alikuwa na moyo mkunjufu. Kila foleni waliyoipita aliwaambia watu: bangili ndiyo siri, na muuzaji ni yule pale mwenye kizibao. Waliposhuka hadi geti la mji, hatua chache kutoka gatini, saa kumi kasoro, kundi zima lilikuwa linawasubiri, noti mkononi.

"Kaka, tuuzie na sisi!"

"Mimi nataka nane!"

"Mimi nilikuwa hapa kabla yake!"

Tarumbeta aliwatazama. Miaka saba alikuwa ameiota siku hiyo. Sanduku lilikuwa begani mwake, na mkono ulikuwa umefungwa kwenye kiti.

"Haziuzwi," alisema, akalisukuma sanduku nyuma ya mgongo.

"Ni kipi hakiuzwi?"

Watu walipisha njia. Bundi alikuwa amesimama pale, macho hayapepesi. Aliitazama bangili ya baba, ya mapacha, kisha kizibao. Hatua kumi nyuma yake, muuza maputo alikuwa ameganda, kamba za maputo zimemkaza ngumini.

Nesi alikohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya kusoma ripoti ya asubuhi. "Mkuu, umekuja wakati mzuri. Huyu mtu..."

"Huyu mtu ni mwanangu," alisema Bibi.

Bundi akageuza kichwa polepole.

"Na bangili nimezipaka rangi mwenyewe," Bibi akaendelea, "ili tusipoteane. Sasa hawa wageni wanataka kuninyang'anya. Mnawafundisha nini wageni wenu?"

"Mwanao?" aliuliza Bundi.

"Wa kwanza."

"Mama," alisema baba wa mapacha, "wa kwanza si mimi?"

"Nyamaza. Wewe ulikuja baadaye."

Nesi akarudi nyuma hatua moja. Tapeli unaweza kumuumbua hadharani ukalala usingizi mzuri. Mama mkwe huwezi. Jioni mtakula meza moja.

Bundi hakuwa mjinga. Alikuwa anajiandaa kuuliza swali la pili, lakini Bibi alimwahi. "Kijana, mbona husalimii?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu ananisukuma tangu saa tatu asubuhi. Ziwani, kwenye vioo, mlimani. Wewe mama yako ameliona ziwa hili?"

Macho ya Bundi yakapepesa. Waliokuwepo wanaapa waliona. "Bado, mama. Nafasi tu..."

"Nafasi."

Hapo muuza maputo akapita katikati ya watu. Mama mkwe wake halisi alikuwa mfupi, aliishi mbali, na alichukia maputo. Lakini mwanamke yule alikuwa na akili kuliko mumewe, na aliona mlango ukiwa wazi. Akapiga goti. "Shikamoo mama mkwe! Jamani, mbona hamkusema mnakuja? Na huyu mwanao hajaniambia kitu!"

"Marahaba, mwanangu. Kuna vitu vingi hakwambii."

Bundi alishusha pumzi. "Sawa," alimwambia Tarumbeta. "Sikujua unamtunza mzazi. Nitakuwa hapa getini. Nitafurahi kukuona ukimsukuma na kesho. Mama, mnakaa siku ngapi?"

"Mbili," alisema nesi.

"Nne," alisema Bibi. "Nimeshaamua."

Bundi akaenda kusimama pale pale getini. Kundi likatawanyika likinung'unika. Baba, ambaye hakuelewa chochote lakini alikuwa ameanza kumpenda kaka yake mpya, alitumwa mkasi garini. Nesi akanyoosha kiganja, na Tarumbeta akarudisha noti zote za asubuhi bila kuambiwa. Mwana hamuuzii mamake.

Mkasi ukaja. Nesi akakata.

"Haya, uko huru," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sijui mama amekuonea huruma gani, na sitamuuliza. Shika njia yako. Nyumba ya wageni iko juu kule, kilima kizima, na sihitaji unisaidie."

Tarumbeta alisugua mkono. Barabara ya kutokea mjini ilikuwa kulia, tambarare, tupu. Kushoto, njia ya mawe ilipanda kwenda nyumba ya wageni hadi ikapotea kwenye misonobari. Getini macho mawili yalimtazama bila kupepesa. Karibu nayo mkewe alikuwa amesharudi kazini, anamsimulia muuza juisi: ndiyo, yule ndiye mume wangu, yule anayemsukuma mama.

Akainama karibu na nesi. Sentensi moja tu kuhusu magoti yale ingemtosha kulipiza siku nzima. Chini ya blanketi vidole vya miguu vya Bibi vilikuwa vinacheza ngoma yao wenyewe, bila wasiwasi wowote.

"Unasemaje?" aliuliza nesi.

"Nasema shikeni watoto," alisema Tarumbeta. Akavua kizibao, akakitupa kwenye pipa la taka, akaachia breki kwa mguu, akaanza kusukuma kuelekea kilimani.

"Taratibu kwenye mawe," alisema Bibi. "Mwenzio naumwa."