Mto wa Shibiri Mbili kwa Mbili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mji wa nne wa ziara yangu ya kufundisha kudarizi. Ukumbi mzuri, madirisha makubwa, choo kina maji. Mkurugenzi, mama wa miwani minene, amenionyesha ukuta wa onyesho langu la Jumamosi. Unatazama mlango. Mita sita! Nikaguna kama mtu aliyezoea kuta ndefu zaidi. Begini nina kazi tatu za kudarizi, na kubwa kuliko zote inatosha kufunika redio.

Onyesho likimpendeza, atatoa barua ya mwaliko kwa ukumbi wa mji unaofuata. Lisipompendeza, narudi sebuleni kwa dada. Dada kaniambia kwenye simu, kwa upole wa kutisha, kwamba shemeji ameshaanza kujinyoosha kwenye kochi langu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Wanafunzi kumi na wawili. Mbinu imenijia nikiwaangalia wakitunga uzi. Nimechora mto mrefu, nikaukata vipande kumi na viwili, kila mmoja kimoja. Nimewaambia ni zoezi. Wao wadarizi, mimi niunganishe, jina langu likae pembeni. Si wizi. Mwalimu husahihisha kazi za wanafunzi. Mimi nitazisahihisha kwa kuzitundika.

Tatizo dogo: tepu ya kupimia niliisahau mji wa tatu. Nikatangaza kwamba msanii hapimi kwa tepu, anapima kwa mwili. Kila mtu akate kitambaa shibiri mbili kwa mbili, kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Mama Mkasi, fundi cherehani mstaafu mwenye mkasi shingoni, akauliza shibiri ya nani. Nikamjibu shibiri ni shibiri. Akasema, “Haya, mwalimu,” kwa sauti ya muuguzi aliyeficha sindano.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Darasani yumo mwashi. Viganja kama beleshi. Daktari kamwambia mgongo wake unataka kazi ya kukaa. Mshono wake umenyooka kuliko wangu, jambo la kuudhi. Nikamshauri asinyooshe sana, sanaa inataka roho. Akaanza kufumua, maskini. Mama Mkasi akamkataza, kisha akaichukua kazi yangu ya mfano, akaigeuza, akatazama mafundo ya mgongoni. Akaniuliza kama zile ni nywele.

Nikasema ni mtindo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimekusanya vipande. Mungu wangu! Cha mwashi ni kitambaa cha meza. Cha Mama Mkasi, mwenye vidole vya mtoto, ni leso ya mfukoni. Hakuna viwili vinavyolingana! Mto unafika ukingoni, unakuta mwenzake yuko juu kiganja kizima. Unashuka ngazi, unapotea, unatokea kwingine umenenepa.

Nimeunganisha hivyo hivyo. Mapengo nimeyaziba kwa shuka la nyumba ya wageni. Wenye nyumba wakiuliza, nitasema nilikuta liko moja tu. Nimeuita “Mto Uliokasirika”. Jina langu nimelidarizi kwa uzi mwekundu, herufi za kusomeka toka barabarani.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Watu tele! Mkurugenzi alisimama mbele ya mto, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema hajapata kuona mto unaokataa kutiririka. Barua ilikuwa inachungulia mkobani mwake, niliiona kwa macho yangu! Akaniomba nieleze mbele ya wageni kwa nini vipande havilingani. Nikaanza: upweke wa msanii, mkono mmoja, miaka mitatu ya mateso.

Hapo mke wa mwashi akaingia na watoto wanne, akauliza kwa sauti, “Cha baba yenu kiko wapi?”

Mwashi akabandika kiganja chake kitambaani. Shibiri moja, mbili. Sawasawa. Mama Mkasi naye akapima leso yake. Moja, mbili. Wakafuatana wote kumi na wawili, kila mtu na chake, bila kuzidi wala kupungua. Kisha Mama Mkasi akanigeukia: “Na wewe njoo, baba, upime chako.”

Ukumbi mzima ukanisubiri. Nikapima jina langu. Shibiri tatu.

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Niliinama kuwashukuru.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Barua imetoka. Ina majina kumi na mawili na langu halimo. Mto unasafiri, wao wanasafiri nao. Mama Mkasi amelifumua jina langu kwa mkono wake, uzi akanirudishia umekunjwa vizuri.

Ila chini kabisa, baada ya sahihi, pana mstari wa kalamu: mwalimu naye aje, afundishe darasa la wanaoanza. Nasikia ni Mama Mkasi aliyeniombea. Alimwambia mkurugenzi kwamba mtu mwenye akili timamu angekuja na tepu, na mto huu usingekuwepo.

Sifa hiyo nimeipokea. Nimempigia dada, nikamwambia nimealikwa tena. Nyuma yake nilimsikia shemeji akishangilia.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Mji wa tano. Darasa langu lina watu ishirini na wanne! Kosa la safari iliyopita nimelitafakari kwa kina, nimelielewa: mto hauna mwenyewe, kila mtu anaweza kuudai. Uso una mwenyewe.

Nimeuchora wangu, mita tatu kwa tatu, nikaukata vipande ishirini na vinne. Nimewaambia ni milima na mabonde. Wameanza kwa bidii sana. Sikio la kulia linakwenda vizuri. Pua bado sijampa mtu. Natafuta wa kuaminika.