Nilivyomsaka Mhujumu wa Kompyuta Yangu

Jamani, leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, mbele ya bosi na mtawa.

Nimekimbilia hapa intaneti kafe ya karibu na stendi kuwaandikia kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana mji wetu mnaujua. Someni kimya kimya.

Ninyi marafiki zangu mliotawanyika Dar na Mbeya, niwakumbushe kwanza. Mimi Fausti bado nipo Sumbawanga, kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima. Tuko makarani wawili: mimi na dada mmoja anaitwa Kabula. Msukuma, kwao Milepa, baba yake ana ng'ombe wengi. Meza zetu zinatazamana. Yaani monita yangu na yake zimepeana migongo, na zile sipiyu zimekaa chini, pamoja, kwenye kibenchi kimoja katikati yetu. Nyaya zimesokotana huko chini kama tambi.

Sasa, meneja wetu Mzee Nestory alishatangaza kwamba karani mmoja ataenda Mbeya kusomea kompyuta. Mmoja tu. Tangu siku hiyo mashine yangu ikaanza vituko.

Mausi ikawa inagoma. Unaivuta kushoto, mshale unaenda juu. Faili nililoliacha sehemu moja jana, leo silioni. Diski yangu ya hesabu za mbolea ikapotea, ikaonekana juu ya kabati. Nikamuuliza Kabula.

"Dada, hujaona mtu akigusa mashine yangu?"

"Nani aiguse, kaka? Imejaa maganda ya karanga."

Akatabasamu. Jamani, lile tabasamu! Mtu asiye na hatia hatabasamu vile. (Sasa najua kwamba anatabasamu tu. Ndivyo alivyoumbwa. Lakini wakati ule niliona mhujumu.)

Na najua mkisikia Sumbawanga mnawaza nini. Acheni. Mimi sikuwaza uchawi hata kidogo. Niliwaza waya. Niliwaza kwamba huyu binti ameunganisha mashine yake na yangu kwa chini, anaingia anavuruga, mimi nionekane sijui kazi, yeye apande basi la Mbeya.

Basi leo nikawahi. Baridi kali, hata walinzi walikuwa bado wamejifunika mablanketi. Nikafungua ofisi, nikavua koti, nikaingia chini ya meza kwa magoti.

Nikachomoa waya zote. Zangu na zake. Nikazifuata mmoja mmoja kwa kidole kama mpelelezi. Nilikuta mende mkavu, kifuniko cha kalamu na vumbi la tangu ushirika uanze. Waya wa hujuma sikuuona. (Mtu mwenye akili angesema basi, hakuna. Mimi nikasema: huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.)

Nikarudisha waya haraka haraka kabla hajafika. Vile vichwa vya mviringo vya waya za kibodi vinafanana, vyote rangi ya zambarau. Nikachomeka kimoja huku, kingine kule. Nikajipangusa magoti, nikakaa.

Kabula akaingia. "Kaka Fausti, leo umewahi!"

"Kazi," nikasema. Kavu.

Umeme ulikuwa umekatika, wakawasha jenereta pale nyuma ya dirisha. Linanguruma mpaka vikombe vinatetemeka. Mzee Nestory naye akafika, yuko na Sista Imakulata, yule mtawa mjumbe wa kamati yetu. Nikainuka, nikamwamkia mzee, kisha nikamgeukia mtawa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Hamjambo wanangu?"

Walikuja kuiona taarifa ya mahindi na ulezi kabla haijachapwa. Na wakaenda kukaa wapi? Kwa Kabula! Wakavuta viti, mmoja kulia, mwingine kushoto. Mimi nikabaki upande wangu na mgongo wa monita yake.

Kabula akafungua taarifa kwa mausi, wakawa wanaisoma ukurasa kwa ukurasa. Mimi nami nikafungua ukurasa mpya nionekane nina kazi. Nikachapa jina la ushirika.

Hakuna kitu.

Nikachapa tena. Ukurasa mweupe pe! Nikazigonga zile herufi kubwa kubwa: KIBODI IMEKUFA. Kimya. Nikajua moja kwa moja. Ameshafanya yake tena! Na leo, mbele ya wageni!

Sasa mnajua mtu akiwa na hasira na kibodi iliyokufa mkononi. Unaandika chochote. Ni kama kuongea ndani ya ndoo, nani atasikia? Nikaanza kumwaga moyo.

KABULA NAKUJUA. HATA UTABASAMU VIPI.

Nikahisi raha. Nikaendelea.

MZEE ANAMPENDELEA KWA SABABU ANALETEWA MTINDI KUTOKA MILEPA. ANGEKUWA ANALETEWA DAGAA KAMA MIMI NILIVYOMLETEA ANGEJUA NANI ANAFAA. DAGAA ALIWAPOKEA HATA ASANTE HAKUSEMA.

Nikachungulia pembeni ya monita. Wote watatu wameacha kuongea. Vichwa vimesogea kwenye skrini, midomo wazi. Nikasema moyoni: ona wanavyovutiwa na taarifa yake. Nikaandika.

SASA WAMENYAMAZA. WANAJIFANYA WANASOMA. SISTA NADHANI AMESINZIA.

Sista akashtuka, akafanya ishara ya msalaba. Mzee Nestory akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Kabula naye anabonyeza kitufe kimoja mfululizo, uso umempauka. Wakawa wananong'onezana, lakini kwa lile jenereta sikupata hata neno. Nikashuku zaidi. Wananijadili! Wanapanga safari ya Mbeya!

HAYA NENDA MBEYA. LAKINI KUSEMA UKWELI HILO GAUNI LA LEO LIMEKUPENDEZA.

(Msiniulize kwa nini niliandika hivyo. Mkono ulienda wenyewe.)

Nikatulia kidogo. Ndipo kwenye ule ukurasa wangu mweupe zikaanza kutokea herufi. Mikono yangu nimeikunja kifuani, siigusi kibodi, lakini herufi zinakuja. Moja moja, polepole.

wewe ni nani

Nimewaambia sikuwaza uchawi? Naomba kuliondoa hilo neno. Niliwaza uchawi wote wa uwanda wa Ufipa, toka Matai mpaka Kabwe. Mashine inaniuliza mimi ni nani! Ofisini! Na Sista yuko hapo hapo, lakini sauti ya kumwita sina.

Zikaongezeka.

jibu kwa jina la bwana

Nikajibu. Ungefanyaje wewe? Nikachapa japo sikuona nilichochapa.

NI MIMI FAUSTI. NAOMBA USINIDHURU.

Wakati huohuo jenereta likazimika. Likakohoa, likanyamaza, na monita zikafa. Kwenye ule ukimya, ng'ambo ya meza, Sista Imakulata alikuwa bado anamalizia kusoma kwa sauti, kama anasoma somo la misa:

"Ni mimi Fausti. Naomba usinidhuru."

Nikasikia viti vinasogezwa. Vichwa vitatu vikatokea juu ya monita. Nikavitazama. Vikanitazama.

"Fausti," Mzee Nestory akasema taratibu.

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Ulishaniamkia asubuhi. Hao dagaa, nilikuambia asante. Ulikuwa umeshageuka."

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi sikusinzia," Sista akasema. "Macho yangu ndivyo yalivyo."

Nilitaka sakafu ifunguke. Haikufunguka, ni sementi.

Kabula ndiye aliyeinama chini. Akafuata waya wa kibodi yake mpaka mwisho, akafuata na wangu. Akakaa hukohuko chini kwa muda, nikaona mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka hana pumzi.

"Kaka Fausti, kibodi yako iko kwenye mashine yangu! Na yangu iko kwako! Nani amezichomeka hivi?"

Magoti ya suruali yangu yalikuwa bado na vumbi, na wote watatu waliyatazama.

Ikabidi niseme yote. Mausi, faili, diski, waya wa hujuma. Kabula akaichukua mausi yangu, akaigeuza tumbo juu, akazungusha kile kifuniko, kijipira kikadondoka pamoja na uchafu na maganda ya karanga. "Huyu hapa mhujumu wako," akasema. Faili nalo, jenereta lilipowashwa, tukalikuta limo ndani ya folda nyingine, mahali nilipolihifadhi mimi mwenyewe. Ya diski, Mzee akakohoa akasema aliiweka yeye juu ya kabati, alikuta nimeitumia kufunikia chai.

Kuhusu Mbeya hakuna aliyeniuliza tena. Mzee alimwambia Kabula ajiandae wiki ijayo, akaniambia mimi nifute neno kwa neno yale yote ambayo mashine ilikuwa imeyahifadhi yenyewe kwenye taarifa ya mahindi, yeye akisimama nyuma yangu. Nikafuta la mtindi. Nikafuta la dagaa. Nikafuta la Sista, na Sista akiangalia.

Nilipofika kwenye la gauni, Kabula akasema, "Hilo liache kidogo, kaka, nilisome vizuri."

Mzee akatoka nje kwenda kucheka. Nilimsikia.

Haya, ndiyo hayo. Naomba msicheke. Kabula ameshacheka kwa niaba yenu nyote, na nilipoondoka ofisini alikuwa hajamaliza.