Mashine ya Kahawa na Harusi ya Wanja

Jumatatu, Desemba 2, 1996

Sijalala tangu Agosti, mwezi aliozaliwa Mwas wangu, lakini leo nimeamka! Mume wangu Zacharia amerudi kutoka Ruiru na mashine ya kahawa juu ya mkokoteni. Mashine ya hoteli kabisa. Chuma kitupu, kitufe chekundu, mdomo kama wa bata. Hoteli aliyokuwa akitengeneza nyaya za stima imeacha kuuza kahawa, meneja akamwambia aiondoe, inajaza stoo. Aiondoe! Baraka inasimama mbele ya mtu, naye anaisukuma apite.

Inafanya hivi: maji unamimina kwenye tangi la juu. Ndani ya kifua chake unaweka chupa ya kahawa nzito, nyeusi kama lami. Unabonyeza. Inapasha maji, inachanganya yenyewe, inakutolea kikombe chenye povu. Hakuna kuwasha jiko, hakuna kuchuja, hakuna kulia moshi. Na mtoto yuko mkono wa kushoto! Chupa tisa za kahawa tumepewa pamoja nayo.

Nimekunywa vikombe vitatu. Nimefua nepi zote. Nimefua pazia. Nimemvua Zacharia shati nikalifua. Hapa Thika tumezungukwa na mashamba ya kahawa na sijaona jirani hata mmoja anayeinywa. Tunachuma tu, wanakunywa wengine huko mbali. Basi, mmoja ameanza.

Jumatano, Desemba 4

Mama mkwe ametuma habari kutoka Ngoliba. Harusi ya Wanja, dada mdogo wa Zacharia, ni Jumamosi ya tarehe 14, nyumbani hapo hapo. Chai ya wageni amepewa Ngendo, mke wa kaka yake Zacharia. Mimi nikae na mtoto. Nipumzike!

Yaani nikae kwa kiti kama mgeni, katika nyumba niliyoolewa. Mwenye kazi kwenye harusi ndiye mke wa nyumba. Mwingine ni mtu wa kushika mtoto.

Ngendo ana sufuria ya chai ya watu mia mbili na anajisifu nayo tangu aolewe. Sawa. Yeye ana sufuria, mimi nina mashine. Mpango: mama mkwe aonje kahawa yangu mapema, aone mwenyewe nani wa kuwekwa mbele ya wageni.

Mwas hakulala mchana wala jioni. Ni meno.

Ijumaa, Desemba 6

Ruiru, kwa Khamisa, fundi anayenishonea gauni la harusi. Mashine haibebeki, lakini nilitia kahawa nzito kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi nikaweka ndani ya begi la nepi. Kwa Khamisa nikaomba maji moto tu. Kijiko kimoja, koroga, tayari. Nikakunywa nimekaa wima, mguu juu ya mguu, kama mke wa meneja wa benki.

Khamisa alisikitika, akaniuliza kikohozi kimeanza lini. Nikamwonjesha. Akasema kumbe, dada yangu, si mbaya, ila inalilia tangawizi. Akaomba kingine. Akamaliza gauni langu siku hiyo hiyo, lililokuwa la wiki ijayo, akaniuliza kama kuna nguo nyingine yoyote.

Jumapili, Desemba 8

Mama mkwe amekuja baada ya kanisa. Na Ngendo, ambaye sikumwita.

Nilibonyeza kwa madaha. Vikombe vitatu, povu hadi ukingoni. Mama mkwe alichungulia ndani ya kikombe kama anayechungulia kisima. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama Zacharia amefutwa kazi. Akasema ng'ombe wake amezaa, niseme tu, lita mbili za maziwa kwa wiki zingekuja bila mtu kujua.

Nikaeleza kwamba maziwa ni ya kuongeza juu. Ngendo akarudia neno hilo, kuongeza, kama ameokota kitu kwenye mchele. Akasema kwao maziwa yanachemka pamoja na kinywaji tangu mwanzo, na kwamba kahawa ya maji matupu hupewa askari wa getini asisinzie. Akanitazama usoni akaongeza: wewe Mama Mwas umechoka, acha kazi ya harusi kwa wenye nguvu.

Mama mkwe kwa huruma yake aliinywa yote. Halafu akapanga kabati langu la vyombo, akafagia chini ya kitanda, akasimulia habari za ndugu zake kumi bila kupumua. Mlangoni akanishika mkono. Akasema nikipata njia ya kuifanya itoe kitu chenye maziwa, meza ya wakwe, watu wa bwana harusi, ni yangu. Wageni wengine wote ni wa Ngendo.

Meza ya wakwe! Hiyo ndiyo meza yenyewe!

Alhamisi, Desemba 12

Sikukuu ya Jamhuri. Nimepata jibu wakati nikimwogesha Mwas. Nani alisema tangi la juu ni lazima liwe na maji?

Nilimimina lita nne za maziwa. Kikombe cha kwanza, Ngai! Rangi ya kahawia, nzito, tamu. Cha pili nikampelekea jirani, akanirudishia kikombe kimelambwa. Nikawaza Ngendo akikabidhi sufuria.

Cha tatu kilinuka kuungua. Cha nne mashine ilikohoa. Cha tano ilitetemeka mwili mzima ikatema donge jeupe lililotua kwenye redio, katikati ya hotuba ya Rais.

Zacharia alimaliza sikukuu amelala chali sakafuni na bisibisi, akikwangua maziwa yaliyogandamana. Akasema nyuma ya mashine imeandikwa maji tu. Nikamwambia waliandika watu wasio na ng'ombe. Akanisihi, mama, tuiache nyumbani. Nikamuuliza, kwa upole lakini nimesimama, kama anataka mkewe aonekane Ngoliba au asionekane. Alikaza skrubu zote.

Basi maji juu, na maziwa moto pembeni kwenye chupa ya chai. Nimekubali nusu.

Mwas yuko macho tangu alfajiri. Haya meno!

Jumamosi, Desemba 14, Ngoliba

Ngoliba hakuna stima. Nilijua! Sikuja kama mjinga. Makau, mwenye vipaza sauti, alikuwa na jenereta. Zacharia akavuta waya.

Meza yangu: kitambaa cheupe, maua, mashine katikati inang'aa. Wakwe wamekaa wima wakiitazama. Mchungaji ameanza kuwashauri maharusi. Nikabonyeza.

Taa nyekundu ikawaka. Mdomo wa mchungaji ukaendelea, sauti ikapotea. Nikaachia, sauti ikarudi kwenye neno subira. Nikabonyeza, ikapotea kwenye utii. Makau akaja mbio akisema wuui, mama, hiki kitu kinakula stima ya kutosha kusaga unga wa kijiji kizima, chagua mimi au hicho. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, bila kusogeza midomo, akaniambia mchungaji bado ana kurasa sita, nibonyeze tena.

Nikabonyeza kwa moyo wote. Jenereta ikapiga chafya. Ikanyamaza.

Mchungaji alimaliza kwa koo lake mwenyewe, dakika tano. Watu walimpigia makofi ambayo hajawahi kupigiwa.

Lakini mimi nilikuwa na vikombe kumi na viwili vitupu na wakwe wanaviangalia. Mwas analia mgongoni kwa nyanya yake. Mama mkwe hanitazami. Macho yakanijaa. Hapo nilijua kiti changu ni kile cha kando, milele.

Ngendo akaja. Amebeba sufuria akisaidiwa na wasichana wawili, maziwa yanatokota, majani ya chai hajatia. Hakucheka. Akatoa chupa ndani ya kifua cha mashine, akaniuliza ni kiasi gani. Nikasema kijiko kwa kikombe. Akasema harusini hatuhesabu vijiko, Mama Mwas. Akamimina yote. Akaomba nyingine.

Tukagawa pamoja, yeye na upawa, mimi na vikombe, wakwe kwanza. Wakarudia. Wageni wote wakarudia. Nyanya yake bwana harusi, aliyeletwa ameshikwa kwapa pande zote mbili, alicheza mpaka getini akakataa kushikwa. Mama mkwe akasimama mbele ya watu akasema kinywaji hiki kimetoka kwa mke wa Zacharia. Mbele ya watu! Na vigelegele vya kwanza vilikuwa vya Ngendo.

Nimeandika haya wino ukitetemeka. Si machozi. Nimekunywa saba.

Jumapili, Desemba 15

Nyumba nzima hakuna aliyelala. Mama mkwe amefagia kiwanja hadi barabarani. Ameamua: tangu leo vinywaji vya nyumba hii ni vya Ngendo na mimi. Kwa pamoja, majina yote mawili.

Ngendo anaamini ni sufuria yake. Nimemwacha aamini, maskini, jana alinitendea vizuri. Zacharia anasema ni ile chupa tu, mashine haikutoa hata tone. Mwanamume huyu! Bila mashine, chupa ingekaa wapi? Iliyopungua ni jenereta. Ilikuwa ndogo.

Jumatatu, Desemba 16

Thika. Nimeipangusa mashine, nimeivika kitambaa cha kufuma. Majirani wamekuja kuisalimia.

Zacharia ametaja, akicheka, kwamba ile hoteli ya Ruiru inaondoa mashine nyingine, ya sharubati, yenye matangi mawili ya kioo na panga la kuzungusha. Nikamwambia aache kucheka avae viatu.

Ubatizo wa Mwas ni Januari na vinywaji ni vyetu. Sharubati haishibishi mtu. Nitaweka uji.